Loki ya taili: unamfungia nani?

Nimerudi chuo toka nyumbani Njombe, ila bado nina hasira. Wiki iliyopita bamdogo alilaza gari Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na Tanzam. Asubuhi akalikuta juu ya matofali, taili mbili hazipo. Na nati za loki alikuwa amefunga!

Basi kijiweni wote wakasema loki ni kupoteza hela. Mimi nabisha. Loki ni nati moja tu kwa kila taili, inayotaka ufunguo wake maalum. Mwenye spana ya kawaida itabidi agonge nyundo, na usiku watu watasikia. Sasa bamdogo ufunguo aliuacha wapi? Ndani ya gari! Hiyo siyo loki, ni zawadi.

Tukaenda kutafuta taili za mtumba. Nikamuuliza, "Bamdogo, hivi hizi zimetoka wapi?" Kimya. Jamani, kupokea mali ya wizi ni kosa, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311. Fungeni loki, ufunguo tembeeni nao. Ila tukinunua taili bila kuuliza, mwizi tunamlipa mshahara sisi wenyewe. Au nadanganya?