Kisu cha Siku 12

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri. Muhula uliopita bumu lilipoingia, kabla sijalipa deni la mama ntilie wala kutoa kopi ya kitini hata kimoja, nilinunua kisu. Kisu cha kukunja, cha mfukoni, chenye chapa inayosifiwa na kila mwenye kamera kule YouTube. Sh. 120,000. Posho yetu ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni sh. 10,000 kwa siku, kwa hiyo hesabu hii haihitaji mtu wa takwimu: niliweka mfukoni siku 12 za kula.

Msicheke. Hosteli yetu tupo kama sita wenye ugonjwa huu. Usiku, badala ya kusoma, tunakaa kitandani tunafungua na kufunga visu, tunalinganisha mipini, tunabishana chuma gani ni bora kama watu wa Simba na Yanga. Kuna mmoja hana kisu kabisa, ila ndiye mwenye kauli ya mwisho, maana ameangalia video nyingi kuliko sisi wote.

Hoja yangu ni fupi. Visu vingi tunavyovisifu, tumeazima sifa zake kwa watu ambao kazi zao si zetu. Kupenda kisu si kosa. Kosa ni kuyaita mapenzi yako ubora, halafu ukayalipia kwa hela ya chakula.

Mimi nilifundishwa hivyo Desemba, nyumbani Kilema. Mnatujua Wachagga na Desemba, kila mtu anapanda mlima. Tarehe 26 mbuzi akachinjwa, majani ya mgomba yakatandazwa chini, babu akaniita nishike upande mmoja tuchune. Nilikuwa naisubiri siku hiyo. Nikatoa kisu changu, nikakifungua kwa kidole gumba, kikalia "tak!", wadogo zangu wakapiga kelele, "Oyaa!" Nikajisikia mwamba.

Dakika tano baadaye nilitamani nizame. Mpini wake ni wa chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Mafuta ya mbuzi yalipoufikia ukaanza kuteleza mkononi kama kambale. Nikatoboa ngozi mara mbili. Damu na mafuta vikaingia kwenye bawaba, kufunga hakitaki, kufungua hakitaki. Babu akakiangalia, akauliza kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, hiki ni cha kukatia kucha?" Kisha akachomoa cha kwake, kisu kisichokunjika, mpini wa mti, kimefuliwa na wahunzi wa Mamba kabla mimi sijazaliwa. Akamaliza upande wake, akamalizia na wangu.

Usiku nikakisugua kwa mswaki wa zamani. Nikasema labda jikoni kitajitetea. Kesho yake nikakaa na bibi kumenya ndizi za mtori. Kisu changu ni kinene mgongoni kama patasi, kwa hiyo ganda lilikuwa linatoka na nusu ya ndizi. Bibi akachungulia sufuria yangu, akasema: "Mume wangu, ukimenya hivi leo tutakula maganda." Jiko zima likacheka.

Hapa ndipo wapenzi wa visu tunapodanganyana. Mazungumzo yetu yote ni ugumu wa chuma, kipimo cha Rockwell, namba na herufi. Ugumu una maana yake, sikatai. Chuma kigumu hukaa na makali muda mrefu. Lakini kikishakuwa butu, kukinoa ni shughuli, na kikibanwa au kugongwa vibaya makali yanaweza kumeguka. Chuma laini kidogo huwahi kuwa butu, ila unakipitisha kwenye jiwe au ukingo wa ngazi ya saruji, baada ya dakika mbili umerudi kazini. Tena kuna jambo ambalo sisi hatulitaji sana, nalo ni unene. Ubapa mwembamba hupenya, ubapa mnene hupasua. Kisu cha bibi kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki chembamba kama jani. Utomvu wa ndizi umekifanya cheusi, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ili usiteleze. Kikiwekwa dukani hakuna atakayekipiga picha. Kwenye ndizi, changu hakikifikii hata robo.

Na hata hivyo vyenye majina makubwa duniani vilianzia kwenye kazi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Mwaka 1891 akaanza kupeleka visu kwa askari wa nchi yake, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maofisa ambacho leo dunia nzima inakijua kwa rangi yake nyekundu. Joseph Opinel naye alianza mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Ufaransa, na kisu cha kukunja cha mpini wa mti, cha mkulima. Watu wa mlimani kama sisi. Visu vyao vilipata kazi kwanza, jina likafuata. Sisi tunanunua jina, halafu tunazunguka hosteli kutafuta kitu cha kukata.

Baba yangu mdogo ni muongoza watalii, anapandisha wageni kwa njia ya Marangu. Ana kisu chekundu kidogo cha namna hiyo ya Uswisi, na ukikigusa bila ruhusa mtagombana. Nikamuuliza anapenda nini pale, maana makali yenyewe ni mafupi kama kidole. Akanionyesha mkasi. Kwake yeye kile kisu ni mkasi: anakatia plasta za wageni wenye malengelenge miguuni. Makali anakatia parachichi. Halafu akanifariji: "Kisu chako si kibaya. Umekipeleka kwenye shughuli ambayo hakikualikwa."

Basi babu ana chake, bibi ana chake, baba mdogo ana chake, na hakuna hata mmoja anayetamani cha mwenzake. Hakuna aliyeangalia video. Kila mmoja anajua anakata nini.

Kabla ya kurudi chuo nikamwomba baba mdogo anipeleke Mamba. Kutoka Kilema unavuka Marangu, unafika. Wahunzi wa Mamba wana jina tangu enzi za mababu. Mikuki ya Wamasai imefuliwa pale, na chuma cha zamani kilikuwa kinatoka Ugweno, Upare Kaskazini, kwa wayeyushaji wa ukoo wa Washana. Siku hizi chuma ni springi za magari chakavu. Tukamkuta fundi na vijana wawili wa umri wetu, mmoja kwenye mivukuto, mwingine ameshika koleo. Nikaeleza ninachotaka: kisu kifupi, chembamba, cha jikoni. Fundi akasema sh. 15,000.

Nikajibu bila hata kufikiri: "Fundi, punguza basi. Mimi mwanafunzi. Fanya kumi."

Baba mdogo akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kile cha kukunja ulipunguziwa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba sikuomba hata mia. Yule muuzaji wa mjini Moshi alipotaja 120,000, nilikuwa nimeshafungua M-Pesa. Niliogopa kuonekana sijui thamani ya kitu. Lakini mbele ya mtu niliyemwona kwa macho yangu akipiga chuma kwenye moto, nilijua thamani haraka sana: kumi.

Nikalipa 15,000. Simwambii mtu hili ili nionekane mwema, maana kama baba mdogo asingekuwepo ningelipa kumi na kurudi chuo najisifu kwa kubembeleza bei. Nalisema kwa sababu najua si mimi peke yangu. Cha mbali tunakilipia bila kuuliza. Cha jirani tunakiombea punguzo kabla hatujakishika. Wale vijana wawili, kama kila mteja anakuja na "punguza basi", mwaka kesho wataacha mivukuto wakaendeshe bodaboda, na sisi tutaandika utafiti wa shahada kuhusu kupotea kwa ufundi wa asili.

Najua kuna watakaonijibu: kila mtu na chake, wewe ulichagua vibaya. Ni kweli, na mapenzi hayana mwalimu. Mimi mwenyewe ule mlio wa "tak!" bado naupenda. Kisu kipo, nafungulia vifurushi, nachongea penseli, na usiku bado tunakaa tunabishana. Ila nimeacha kusema ni bora. Nasema nakipenda. Maneno hayo mawili yana bei tofauti, na tofauti hiyo mimi niliila kwa siku 12 za chai kavu na madeni.

Kile cha Mamba nimekiacha kwa bibi. Aliniambia kinamenya vizuri, ila bado ni kipya mno, kinahitaji kunolewa miaka kadhaa.

Anayetaka kuona changu aje hosteli. Siuzi. Na akiniuliza kisu gani anunue bumu likitoka, nitamuuliza kwanza anataka kukata nini.