Saa ya Kupima Valvu Nayo Ilipwe



Leo twataka kusema juu ya fila, kile kipande cha chuma chembamba cha kupimia nafasi ya valvu. Wengine watauliza chama kina shauri gani na fila. Shauri ni hili: kwa sababu ya fila kuna mafundi wetu wa Kitale na Bungoma wanaokatwa mishahara.

Mnajua kazi ilivyo. Tajiri wa gereji humtuma fundi na spanaboi wake nyumbani kwa mwenye motokaa. Injini hufunguliwa pale pale uani, hedi hupelekwa kusagwa valvu, hurudi, hufungwa, na jioni ile ile mwenye mali ataka kusikia injini ikinguruma. Basi inanguruma, kila mtu anafurahi. Baada ya majuma machache motokaa haiwezi tena kupanda kutoka Webuye kuja Kitale. Hedi ikifunguliwa, valvu ya ekzosti imeungua ukingoni. Tajiri halaumu haraka, humlaumu fundi, na mwisho wa mwezi fundi huona pengo katika mshahara wake.

Tazameni jambo lenyewe. Valvu ikisagwa na kiti chake kikikatwa, valvu huzama zaidi ndani ya hedi, na mkia wake husogea kuelekea roka. Nafasi iliyokuwako kabla ya ovaholi hupungua, pengine huisha kabisa. Injini ikipata moto chuma hurefuka, na valvu isiyo na nafasi haiwezi kukaa sawasawa juu ya kiti. Valvu ya ekzosti hutoa joto lake hasa kwa kugusa kiti hicho. Isipokigusa haipoi, na isipopoa huungua. Kwa hiyo injini iliyotoka kusagwa valvu ndiyo yenye haja kubwa ya kupimwa, kuliko hata injini kuukuu inayopiga kelele kama cherehani. Kelele hiyo aghalabu ni ya nafasi iliyozidi, nayo kila mtu huisikia. Valvu iliyobana haisemi kitu.

Hapa twawaambia wazee wetu wa kazi, kwa heshima, kwamba sikio halitoshi. Wala kipande cha msumeno wa chuma hakitoshi. Unene wake ni zaidi ya nusu milimita, na trekta ya Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins yataka milimita 0.30 ikiwa baridi, na 0.25 ikiwa moto. Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, ilitaka 0.10 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa ekzosti. Wako waliopima ile 0.10 kwa wembe, na wembe kweli unakaribia unene huo, lakini ile 0.25 waliipima kwa nini? Kila injini ina hesabu yake, nayo imeandikwa katika kitabu chake.

Hesabu ya tisa mafundi wengi wanaijua. Katika injini ya silinda nne yenye valvu nane zilizo mstari mmoja, kama Land Rover za zamani, valvu ya kwanza ikiwa imefunguka kabisa unapima ya nane, ya pili ikifunguka unapima ya saba, na kuendelea vivyo hivyo. Ni kazi ya saa moja kwa mtu asiyesukumwa. Lakini kama kitabu chasema ipimwe baridi, lazima injini ilale usiku kucha na ipimwe asubuhi kabla ya kuwashwa. Na injini nyingi za namna ya zamani, zikiisha kutembea kidogo, hutaka bolti za hedi zikazwe tena. Hapo hedi hushuka na nafasi hubadilika, kwa hiyo fundi hana budi kurudi apime mara ya pili. Tena Toyota nyingi hazina skrubu ya kurekebisha. Fundi hubadili kisahani kilicho juu ya tapeti kwa kingine chenye unene mwingine, na kama hakipatikani mjini lazima kingojwe.

Sasa twauliza: ile asubuhi ya pili nani anailipa? Nauli ya kutoka Bungoma kurudi kwa mwenye motokaa inatoka mfuko wa nani? Mpaka leo yatoka mfuko wa fundi, au fundi haendi. Tajiri asiyelipa saa ya kupima amechagua mwenyewe kwamba valvu zisipimwe. Hawezi kugeuka baadaye akamdai fundi.

Tena sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyo mikononi mwake ikiharibika kwa kosa alilolifanya mfanya kazi kwa kusudi. Neno ni kusudi. Fundi aliyenyimwa saa ya kupima hakuunguza valvu kwa kusudi. Mafundi wasio na tajiri hawakingwi na kifungu hiki, nao twawashauri wapatane na mwenye motokaa kwa maandishi kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Basi twataka kila kazi ya ovaholi ihesabiwe pamoja na saa za kupima mara mbili na nauli yake. Na kwa upande wetu, kila fundi aandike namba za valvu zote katika karatasi, na tarehe, na kama injini ilikuwa baridi au moto, na mwenye motokaa atie sahihi. Spanaboi ndiye aandike, ili ajifunze kusoma vipimo kabla ya kwenda kufanya mtihani wa gredi.

Ye yote aliyekatwa mshahara kwa ajili ya valvu amletee katibu wa tawi lake hati ya mshahara ya mwezi ule. Asiye na fila aweza kuazima kwa katibu. Aandike jina lake, na airudishe ikiwa imepanguswa mafuta.