Joto la Nyumba ni Mali ya Nani?

Kaskazini mwa Ulaya joto la nyumba wakati wa baridi si anasa. Mzee asiyeweza kulilipia huugua, na pengine hufa. Kwa hiyo suala la nani analimiliki ni suala la haki, wala si la mafundi peke yao.

Tutazame Marstal, mji mdogo wa mabaharia katika kisiwa cha Ærø, Denmark. Mtambo unaozipasha nyumba zake joto ni mali ya watumiaji wenyewe. Mwaka 1996 walijenga uwanja mkubwa wa paneli za kunasa joto la jua, na kufikia 2012 eneo la paneli lilikuwa limefika takriban meta za mraba 33,300. Jua la huko huwa jingi wakati ambapo nyumba hazilihitaji. Basi wakachimba bwawa la meta za ujazo 75,000, wakalifunika, ili maji yaliyopashwa kiangazi yangoje majira ya baridi. Jua lisipotosha, huchomwa vibanzi vya mbao. Kisha maji ya moto hupita katika mabomba ya chini ya ardhi hadi majumbani.

Wageni husifu bwawa. Mimi nasifu zaidi sheria. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Denmark ilitunga sheria ya joto mwaka 1979: anayeuza joto hutoza gharama za lazima tu, na ziada humrudia mtumiaji.

Wapo wanaowahimiza wanakijiji wajitegemee, kisha wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya kanuni ya auni. Mabomba hudai fedha nyingi kabla ya senti ya kwanza kurudi, na huko Denmark halmashauri huweza kudhamini mikopo ya vyama hivi, riba ikawa nafuu. Mkubwa hakumnyang'anya mdogo kazi yake, wala hakumwacha peke yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa 2015, alivitaja vyama vya ushirika vya nishati kuwa mfano wa kutia moyo.

Lakini umiliki una uchovu wake, yaani mikutano. Wanachama wasipohudhuria, mali ya wote hugeuka taratibu kuwa ya meneja na rafiki zake. Kiongozi wa walei anayealikwa kuunga mkono mradi wa namna hii aulize mapema: deni litadhaminiwa na nani, mpangaji atakuwa na kura au hana, na vitabu vya hesabu vitasomwa mbele ya nani.