Turubai la Baridi si Gharama ya Kukata

Mwenye hisa chache anapofungua hesabu za mwaka hufurahi kuona gharama zimeshuka. Ni haki yake. Lakini ziko gharama zilizoshuka kweli, na ziko zilizoahirishwa tu hadi msimu mwingine. Mfano mzuri ni biashara ya viwanja vya gofu kusini mwa Marekani.

Nyasi inayotandikwa huko kwenye grini, yaani pale penye shimo na bendera, ni ukoka, ndugu wa huu tunaoung'oa mashambani. Watafiti wa Tifton, jimbo la Georgia, waliuchanganya na jamii yake ya Afrika Kusini. Zamani klabu nyingi zilipanda nyasi ya nchi za baridi. Hiyo huvumilia jalidi, lakini majira ya joto huidhoofisha, na klabu hulipia feni, maji na dawa za ukungu. Ndipo nyingi zikahamia kwenye ukoka, na mwaka 2011 mashindano ya PGA Championship yalichezwa juu yake huko Atlanta.

Akiba ikapatikana. Hatari, hata hivyo, haikufutwa. Ilihamishwa kutoka Julai kwenda Januari.

Ukoka ukipata baridi hulala na kuwa rangi ya majani makavu. Hapo haujafa. Hufa pale baridi kali inapofika kwenye shina lililo usawa wa ardhi, hasa penye kivuli, penye maji yaliyotuama na panapokanyagwa sana. Februari 2021 Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haichagui klabu tajiri wala maskini, huchagua isiyojiandaa.

Maandalizi yenyewe si siri. Kabla ya baridi nyasi huachwa irefuke kidogo, mbolea ya kukuza majani husitishwa mapema, na miti inayozuia jua la asubuhi hupunguzwa. Kisha grini hufunikwa kwa maturubai mepesi yanayopitisha hewa na mwanga. Kanuni ya siku nyingi ni kufunika utabiri ukifika nyuzi 4 chini ya sifuri.

Wakurugenzi wengine hulalamika kwamba kufunika na kufunua grini 18 kunakula siku nzima ya vibarua, na wachezaji hawaingii. Lalamiko hilo lina ukweli. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas walijaribu kungoja hadi nyuzi 9 chini ya sifuri, na nyasi bado ikalindwa. Dawa basi ni kufunika kwa hesabu, si kuuza maturubai baada ya miaka miwili ya baridi hafifu.

Tupige hesabu. Grini zote 18 pamoja hazizidi sana hekta 1, katika kiwanja cha hekta 60 hivi. Hekta hiyo moja ndiyo inayoleta wachezaji. Ikifa, haiwezi kupandwa upya hadi udongo upate joto, na wiki za kusubiri ni zile zile za mapato mazuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa wakati wateja wameshahamia kwa jirani.

Kwa maoni yetu, mwekezaji aulize mambo mawili kabla ya kununua. Kwanza, ni sehemu ipi ndogo ya biashara inayobeba mapato yote, na inalindwa kwa nini? Pili, uongozi unagundua lini kwamba imeharibika? Msimamizi makini wa kiwanja hukata kipande cha nyasi mwishoni mwa baridi, hukiweka chumba chenye joto, na baada ya wiki mbili tatu anajua kama kitachipua. Asiye makini hungoja wanachama wamwambie.

Faida iliyotokana na kuuza mwavuli wakati wa jua isigawiwe yote kama gawio.