Udogo Wetu Si Ubure Wetu

Juzi usiku umeme ulikatika mtaani kwetu. Nikatoka na mjukuu wangu tukakaa barazani, na mbingu ambayo taa hutuficha kila siku ikawa wazi. Nikamwonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee wetu walikitazamia wajue majira ya kulima, ndipo kikapata jina. Mtoto akatazama kitambo, kisha akauliza: "Babu, nyota zote zile zina kazi gani? Na sisi je?"

Ndugu msomaji, swali hilo halina utoto. Mwanga wa Kilimia hutumia zaidi ya miaka 400 kutufikia. Ule ulioingia machoni mwa mjukuu wangu ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Na Kilimia ni jirani tu! Mwaka 1990 chombo cha Voyager 1 kiliipiga dunia picha kutoka umbali wa kilomita bilioni 6 hivi. Bahari zote, milima yote na makaburi yote ya wazazi wetu yalionekana kama chembe moja ya vumbi.

Kwa sababu hiyo wapo wasemao kwamba hatuna maana. Mwanafizikia Mmarekani Steven Weinberg aliandika mwaka 1977 kwamba kadiri ulimwengu unavyoeleweka ndivyo unavyoonekana hauna lengo. Simdharau, alikuwa msomi mkubwa. Lakini tangu lini maana ikapimwa kwa darubini? Chumvi iliyoyeyuka majini haionekani hata ukodoe macho, sharti uonje. Weinberg mwenyewe alikiri kwamba juhudi ya kuuelewa ulimwengu ni miongoni mwa mambo machache yanayoyainua maisha ya binadamu. Basi thamani ipo, na imepatikana papo hapo kwenye chembe ile ya vumbi.

Tazama nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa mwaka 1978. Miaka milioni 3.6 iliyopita viumbe wafupi walipita kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano. Volkano ilikuwa kubwa kuliko wao mara elfu, lakini haikuuliza inatema moto kwa nini. Aliyekuja kuuliza ni binadamu. Katika yote tuliyokwisha kuyaona, hatujaona mwingine aulizaye.

Mimi naamini Muumba hakuumba bure, na kwamba akili ni amana, nayo amana hudaiwa. Na wewe usiyeamini, usidhani umesamehewa. Ikiwa anga lote lile halina wa kumhurumia yatima ila sisi, mzigo wetu umezidi uzito, haukupungua. Kwa hiyo asiwepo wa kusema, "Mimi ni nani katika ulimwengu huu?" huku mikoko inakatwa mbele ya macho yake, kisima cha mtaa kinachafuliwa, na mtoto wa jirani analala na njaa. Neno hilo si unyenyekevu. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Nilimjibu mjukuu wangu hivi: "Kilimia kilimwonyesha mkulima majira, lakini hakikumshikia jembe. Jembe, mwanangu, tumeachiwa sisi."