Kabla ya Kuuza Dhahabu ili Akatwe Ziwa



Leo tunazungumza jambo zito, kwani limeshaingia majumbani mwetu. Mwanamke anapimwa, anaambiwa ana saratani ya ziwa na imeshafika kwenye mifupa, mapafu au ini. Daktari anasema ataanzishiwa dawa, ziwa halitakatwa. Jamaa wanatoka pale wanalia: "Wamemtupa!" Jioni hiyo hiyo bangili za harusi zinatolewa kabatini, kiwanja kinatafutiwa mteja, na safari ya India inapangwa ili akatwe apone.

Sisi tunasema: tuulize kwanza.

Saratani ikiwa bado imo ndani ya ziwa na kwapani, upasuaji ni nguzo ya tiba. Kuukimbia kwa kuogopa mume au maneno ya watu ni kujiangamiza. Lakini ikishasambaa, kisu huondoa kilichopo kifuani tu. Kilichoko kwenye mfupa na ini hakikifikii. Dawa ndizo zinazopita na damu mwili mzima, ziwe za mshipani au vidonge vya homoni, kwa kadiri ya aina ya saratani yenyewe.

Na huko huko India jambo hili limechunguzwa. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai iliwagawa kwa kura wanawake 350 ambao saratani yao ilishasambaa na dawa zikawasaidia: kundi moja likapasuliwa, jingine halikupasuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: waliopasuliwa hawakuishi zaidi ya wenzao. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 ukatoa jibu hilo hilo. Ule wa Uturuki ulionyesha faida, lakini makundi yake hayakuwa sawa tangu mwanzo, ndiyo maana wataalamu wengi hawauegemei peke yake.

Hatusemi upasuaji hauna kazi. Ziwa likichimbika kidonda, likitoka damu au harufu, kukatwa huweza kumpa mgonjwa raha na stara, akaswali na kukaa na wenzake bila ya dhiki. Hilo ni jambo la kheri. Ila ijulikane kuwa hilo ndilo lengo, asije akaahidiwa na jamaa kile ambacho daktari hakumuahidi.

Kwa hiyo mama, dada na mawifi, mkifika kwa daktari ulizeni: upasuaji huu ni wa kurefusha maisha au wa kupunguza dhiki? Dawa zitasimamishwa kwa muda gani? Tukishalipia upasuaji, fedha za dawa za miezi inayofuata zitabaki? Kisha mgeukieni mgonjwa mwenyewe, mumuulize anataka nini. Mwili ni amana aliyopewa yeye, si ya kikao cha ukoo.

Nanyi mabibi harusi, siku za singo msijue ngozi na hina tu. Yajueni na maziwa yenu. Ukihisi uvimbe, usiufiche mpaka fungate ipite. Nenda mapema, wakati kisu bado kina uwezo wa kuponya kwa idhini ya Mola.

Kujitafutia tiba ni katika mafundisho ya dini yetu, na kuuliza ni sehemu ya kujitibu. Kuanza na dawa si kutupwa. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.