Saa za simu si kipimo cha tabia

Juzi jirani yangu, mama mmoja mwenye binti wa sekondari, alinijia na ombi. "Mwanangu, wewe si unaandika programu? Niandikie ya kuhesabu saa ambazo huyu msichana anakaa kwenye simu, nijue anavyoharibika."

Nikamwambia haina haja. Google na Apple zilianza kuweka kihesabu hicho ndani ya simu mwaka 2018. Kuhesabu ni rahisi. Taabu ni kujua hesabu hiyo ina maana gani.

Ni kweli, kihesabu kinashinda kubahatisha. Mwaka 2021, watafiti waliolinganisha majibu ya watu na rekodi za simu zao walikuta haviafikiani sana. Lakini saa moja ya kudurusu hesabu na saa moja ya video usiku wa manane, kwa kihesabu, ni sawa tu. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua data za matineja zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani. Matumizi ya teknolojia yalieleza asilimia 0.4 tu, kwa wingi, ya tofauti za hali yao ya maisha. Hiyo haimaanishi simu haina madhara. Wastani huwaficha wale wachache wanaoumia.

Kwa hivyo mlinganishe mtoto na nafsi yake. Hapa Kenya wanafunzi wengi wa shule za bweni hukaa muhula mzima bila simu, kisha huipata likizoni. Ila tahadhari: likizoni hata kengele ya alfajiri haipo, kwa hivyo si kila badiliko ni la simu. Sisi tukitafuta kosa kwenye programu hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fanya vivyo hivyo: wiki moja ya likizo simu ilale sebuleni, wiki inayofuata ilale chumbani kwake. Andika alilala saa ngapi, aliamka vipi, alizungumza mezani ama alinyamaza.

Tena usimfanyie kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi na maslahi ya mtoto kabla ya kuchakata data zake, lakini hata mzazi mwenyewe akipeleleza anajiharibia kipimo. Mtoto akigundua, ataazima simu ya rafiki, nawe utafurahia takwimu nzuri za uongo.

Mama alikubali, akanunua daftari na kumweleza bintiye. Msichana naye akakubali kwa sharti moja: kuwe na safu ya pili, ya simu ya mama.

Nadhani huyo ndiye mtafiti mzuri kuliko sisi wote. Je, wewe mzazi, uko tayari kupimwa?